Ijara ya Kutambua Ila: Hali ya Ufundi wa Mashine katika Mwambao wa Ilagala

Katika kata ya Ilagala, wilaya ya Uvinza, mahali ambapo mto Malagarasi unamwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, maisha ya watu yamefungamana na mashine kwa kiasi ambacho mgeni hakitambui upesi, kwa kuwa macho yake huvutwa kwanza na michikichi, mitumbwi na dagaa walioanikwa ufukoni. Dagaa hao hawavuliwi kwa wingi bila boti kufika kilindini usiku. Mawese hayakamuliwi kwa haraka bila injini. Abiria na shehena za vijiji vya kusini hutegemea boti. Na anayekwenda upande wa Kajeje hungoja kivuko. Kila chombo kati ya hivyo kina mwenyewe, kina rasilmali iliyozama ndani yake, na kina siku yake ya kuharibika. Siku hiyo ikiwadia, riziki ya nyumba kadhaa huwa mikononi mwa fundi, naye ni mtu ambaye biashara yake haitajwi sana tunapohesabu mapato ya samaki na mawese ya mkoa wa Kigoma.

Nachagua kipande kimoja kidogo kiwe shahidi wa hali ya biashara hiyo. Ndani ya mashine nyingi za boti zinazofungwa nyuma ya chombo, chini ya kifuniko chenye gasketi na bolti chache, mna vali ndogo iitwayo themostati, yenye kijibweta cha nta ndani yake. Mashine inapowashwa ikiwa baridi, vali hiyo huziba njia ya maji ili silinda zipate moto upesi. Joto likifika nyuzi 50 hivi za Selsiasi, nta huyeyuka na kutanuka, husukuma kijiti, na maji ya ziwa yaliyovutwa na pampu hupata njia ya kupita na kuondoka na joto la ziada. Haina waya wala mota, bali huendeshwa na joto lile lile inalolitawala, nayo inapokuwa nzima mwenye boti hana habari kwamba ipo.

Ikikwama ndipo taabu inapoanza. Ikikwama imefunga, injini huchemka, nguvu hupungua, na mwisho wake pistoni hujamu ndani ya silinda, hasara inayoweza kumrudisha mvuvi kwenye kasia. Ikikwama imefunguka, hakuna mlio wala moshi wa kutisha. Ila injini huenda ikiwa baridi kuliko ilivyokusudiwa, petroli haiungui barabara, oili iliyochanganywa nayo huchafua plagi, na mafuta yaliyokuwa yakitosha safari ya kwenda na kurudi huanza kwisha njiani. Mahali penyewe pana sababu zake za kuleta kukwama huko. Malagarasi, hasa nyakati za masika, huteremsha tope na mabaki ya mimea kutoka bara, na boti inayokatiza mlangoni mwa mto huvuta tope hilo ndani ya tumbo la injini. Na maji ya ziwa lenyewe, yenye asili ya magadi, huacha ukoko penye joto.

Dawa inayotumika mara nyingi ni kuing'oa vali na kuitupa, kisha kurudisha kifuniko mahali pake. Gereji nyingi za Afrika Mashariki hufanya hivyo hivyo kwa magari, kwa hoja kwamba nchi zetu zina joto na kwamba kifaa hicho kiliwekwa kwa ajili ya watu wa baridi. Hoja hiyo inavutia lakini haina nguvu. Maji ya Ziwa Tanganyika, yaliyo karibu nyuzi 25 juu ya uso, ni baridi sana kwa silinda iliyotengenezwa kufanya kazi katika joto maradufu ya hilo. Nadhani asili ya fikira hiyo ni injini za dizeli zenye silinda moja, zile zinazoendesha vinu vya nafaka na mashine za kukamulia mawese, ambazo tangi lake la maji liko wazi juu na maji huchemka humo mbele ya macho ya mwendeshaji, naye kazi yake ni kuongeza tu. Fundi aliyelelewa na injini hizo, kwake maji mengi zaidi ni salama zaidi, na kitu chochote kinachoyazuia ni adui.

Hata hivyo sababu kubwa haimo katika maarifa bali katika hesabu. Desturi ya malipo ufukoni ni kwamba fundi hulipwa kwa kitu alichofunga au kwa mashine iliyonguruma, wala halipwi kwa saa aliyotumia kufikiri. Akikaa asubuhi nzima akichunguza, kisha akasema kwamba ila ni uchafu uliokwama penye kijiti, mwenye mashine humwona kuwa hakufanya kazi. Lakini akibadilisha pampu nzima, plagi na kabureta, hata kama ila haikuwa humo, hupewa ujira wake bila mjadala, madhali spea mpya zimeonekana kwa macho. Kwa hiyo soko lenyewe linamfundisha fundi kubahatisha. Gharama ya kubahatisha huko haibebwi na fundi, bali na mvuvi, na kwa mvuvi hupita kwa mchuuzi wa dagaa, na kwa mchuuzi hufika hata kwenye sahani ya mlaji.

Inafaa kulinganisha na ufundi wa nchi za mbali. Huko Uingereza nyumba hupashwa moto kwa maji yanayochemshwa katika birika kubwa na kuzunguka katika mabomba, na mlangoni mwa bomba hukaa vali yenye mota ndogo ya umeme juu yake. Nyumba ikibaki baridi, fundi mwenye adabu ya kazi hasemi kwanza kwamba birika kubwa limekufa. Hutazama kama umeme unafika kwenye mota. Hufungua kichwa chenye mota na kujaribu kuzungusha kijiti cha vali kwa mkono. Kijiti kikizunguka kwa wepesi, mwili wa vali ni mzima na ila iko kichwani, ambacho katika vali nyingi hubadilishwa bila hata kumwaga maji. Kisipozunguka, ila imo ndani ya bomba na kazi itakuwa kubwa. Tena hukumbuka swichi ndogo iliyomo katika kichwa hicho, ambayo isipobonyezwa birika haliwaki, ingawa vali imefunguka vizuri. Watu wa huko hulipa ada ya fundi kuja na kuchunguza kabla ya kipande chochote kununuliwa, na ada hiyo ndiyo iliyoifanya tafuta-tafuta hii kuwa amali inayolisha watu.

Ilagala haina haja ya kupasha nyumba moto, lakini utaratibu ule ule unatosha kabisa kwa mashine ya boti. Jambo la kwanza ni kutazama uzi wa maji unaotemwa ubavuni. Katika mashine nyingi maji hayo hutoka kabla ya kufika kwenye themostati, kwa hiyo ni ithibati ya pampu peke yake: yakitoka kwa nguvu ilhali injini inachemka, impela ya pampu hiyo haina kosa, na kuibadilisha ni kutupa fedha ziwani. Hapo ndipo kifuniko hufunguliwa na vali kutolewa. Fundi makini huupenyeza uzi wa mshono katika mdomo wa vali iliyofunga, ukabanwa, kisha huininginiza vali kwa uzi huo ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, isiguse chini. Maji yakiwa vuguvugu haisogei. Yakianza kuwa ya joto ambalo mkono hauvumilii, mdomo hufunguka, uzi huachiliwa, na vali huanguka kwenye sakafu ya sufuria kwa mlio mdogo. Ikianguka kwa wakati wake ni nzima, isafishwe na kurudishwa. Ikianguka mapema au isipoanguka kabisa, hukumu imepatikana, na gharama ya ushahidi wote ni mkaa kidogo.

Hesabu ya spea inaongeza uzito wa jambo hili. Kisichopatikana mjini Kigoma au Ujiji huagizwa kutoka Dar es Salaam, ambako reli ya kati hufika baada ya kilomita zaidi ya 1,200, na boti inayongoja kipande kisichohitajika imepoteza usiku wake wa uvuvi bure. Mwambao huu ulikwisha kuona thamani ya kuipa mashine heshima yake. Meli iliyoitwa Graf von Götzen, iliyotengenezwa Papenburg nchini Ujerumani na kuungwa Kigoma, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi wa Julai 1916; lakini mafundi walizipaka injini zake grisi nzito kabla ya kuizamisha, na ilipoibuliwa mwaka 1924 zilionekana zafaa, hata mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Ishara za matumaini zipo. Tangu mkoa ulipoanza kupata umeme wa gridi ya Taifa mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya jenereta za dizeli, karakana inaweza kuwa na mashine za kuchomelea na kukereza bila ya kuunguza mafuta yake yenyewe. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hufundisha vijana, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, imeshughulika na zana za kukamulia mawese. Taa za betri na jua zimechukua nafasi ya karabai katika uvuvi wa dagaa, na mafundi waliokuwa wakilainisha ngozi ya pampu ya karabai kwa mafuta sasa hupima betri. Mabadiliko hayo yamewalazimu kununua mita ya umeme, na mwenye mita hujifunza kupima kabla ya kusema.

Nafasi iliyo bora zaidi, kwa maoni yangu, imeletwa na jambo lililoonekana kuwa msiba. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, Tanzania pamoja na nchi jirani za ziwa zilisimamisha uvuvi ili samaki wazaliane. Mashine iliyolala miezi 3 na petroli ndani ya kabureta huamka mgonjwa, na vali iliyokauka na ukoko wake hukwama. Kila kipindi kama hicho kinapotangazwa, vikundi vya wavuvi vingeweza kupatana na fundi kwa bei moja ya uchunguzi kwa kila mashine, ilipwe hata kama hakuna kilichobadilishwa: kabureta ikaushwe, impela ikaguliwe, plagi zisomwe rangi, themostati ichemshwe kwenye sufuria, na majibu yaandikwe katika daftari la mwenye boti kabla ya nyavu kurudi majini.