Mama Aliyezika Saba kwa Siku Nane: Habari za Parokia ya Eyam

Mwezi Agosti 1666, kati ya tarehe 3 na tarehe 10, mke wa mkulima mmoja wa Uingereza aliyeitwa Elizabeth Hancock alimzika mume wake na watoto wake sita. Hakuwa na mtu wa kumsaidia. Alichimba makaburi kwa mikono yake kwenye uwanja karibu na nyumba yake, na inasimuliwa kwamba aliwafunga kitambaa miguuni ili awakokote bila kuwagusa. Wanakijiji wa ng'ambo ya pili walimwona kutoka kilimani wakamhurumia, lakini hakuna aliyethubutu kwenda. Ilikuwa tauni.

Makaburi hayo yapo hadi leo. Yamezungushiwa ukuta mfupi wa mawe katikati ya malisho, na huitwa Makaburi ya Riley, kwa jina la shamba lile. Ni sehemu ya parokia ya Eyam (wenyewe hutamka "Iim"), kijiji kidogo kilichoko vilimani katika mkoa wa Derbyshire, zaidi ya kilomita 200 kaskazini mwa London. Zamani wenyeji walifuga kondoo, wakalima, na wengi wakachimba madini ya risasi. Pengine kijiji hiki kisingejulikana nje ya mkoa wake, kama si robota moja la nguo.

Robota la nguo kutoka London

Mwaka 1665 London ilipigwa na tauni iliyoua watu wapatao laki moja. Mwishoni mwa kiangazi cha mwaka huo, mshonaji mmoja wa Eyam, Alexander Hadfield, alipokea vitambaa kutoka huko. Vilifika na unyevu. Msaidizi wake, George Viccars, akavianika mbele ya moto vikauke. Ndani yake mlikuwa na viroboto. Tarehe 7 Septemba George alikuwa maiti.

Nyumba ile ingalipo karibu na kanisa, pamoja na jirani zake, nazo huitwa Nyumba za Tauni. Ukutani pamewekwa ubao wenye majina ya waliofia humo, na mama yeyote akiusoma atasimama kidogo. Mwenye nyumba alikuwa Mary, mjane wa Bwana Cooper, aliyekuwa ameolewa tena na yule mshonaji. Wiki mbili baada ya George, alifariki Edward, mtoto wake wa miaka minne. Tarehe 2 Oktoba akafuata Jonathan, wa miaka 12. Mume alifariki Agosti ya mwaka uliofuata. Mary peke yake ndiye aliyepona, akiwa amepoteza jamaa 13.

Sisi tuliosomea uuguzi tunajua jinsi jambo hilo linavyotokea. Vijidudu vya tauni huishi katika damu ya panya na wanyama wengine wadogo, na kiroboto huvihamisha kwa kuuma. Mtu hupata homa kali, kichwa humuuma, kisha huota mitoki mikubwa yenye maumivu kinenani, kwapani au shingoni. Ugonjwa ukiingia mapafuni, mgonjwa huweza kuwaambukiza wengine kwa kukohoa tu. Lakini habari hizi zote zilijulikana baadaye sana: kijidudu chenyewe kilitambuliwa mwaka 1894. Mwaka 1665 akina mama wa Eyam waliamini kwamba ugonjwa huletwa na hewa mbaya, wakaendelea kulaza watoto wao katika blanketi zilezile.

Makasisi wawili wasioelewana

Kanisa la parokia, la Mtakatifu Lawrence, ni la kale. Uani kwake umesimama msalaba wa mawe uliochongwa katika karne ya 8. Ukutani kuna saa ya jua ya mwaka 1775 iliyoandikwa majina ya miji ya mbali, na ndani kuna michoro ya zamani yenye alama za makabila kumi na mawili ya Israeli. Mengine nayapita, maana ninataka kukueleza habari za makasisi wake.

Kasisi wa wakati ule, William Mompesson, alikuwa kijana ambaye hajatimiza miaka 30. Watu hawakumpenda sana. Aliyetangulia, Thomas Stanley, aliondolewa madarakani mwaka 1662 kwa sababu alikataa sheria mpya iliyowalazimisha makasisi wote kufuata kitabu kimoja cha ibada. Waumini wengi bado walimsikiliza Stanley. Kwa hiyo parokia moja ilikuwa na wachungaji wawili, mmoja mwenye cheo na mwingine mwenye mioyo ya watu. Nadhani wasomaji wengi wamewahi kuona hali ya namna hiyo, na wanajua inavyoishia.

Safari hii iliishia vingine. Majira ya baridi yalipunguza vifo, lakini kiangazi cha 1666 kilipoanza ugonjwa ulirudi kwa nguvu. Mwezi Juni wawili hao walikutana, wakakubaliana, wakasimama pamoja mbele ya watu na kutoa mashauri matatu. Kwanza, kila familia izike wafu wake yenyewe, bila kusubiri mazishi ya kanisani. Pili, kanisa lifungwe na ibada ifanyike uwanjani, kila familia ikisimama mbali na nyingine. Tatu, lililokuwa gumu kuliko yote, mtu yeyote asitoke nje ya mipaka ya parokia mpaka tauni iishe, ili isisambae katika vijiji na miji ya jirani.

Watu wakakubali. Lazima niseme kwamba baadhi ya matajiri walikuwa wameshaondoka mapema. Tena wanahistoria wa siku hizi hutukumbusha kwamba maskini wengi hawakuwa na mahali pa kwenda, na kwamba simulizi hii ilipambwa sana katika vitabu vya karne ya 19. Hata hivyo, watu walibaki, na ugonjwa haukusambaa katika vijiji vya jirani.

Siki kwenye mashimo ya jiwe

Ukienda kwa miguu kutoka Eyam kuelekea Stoney Middleton utakuta jiwe kubwa lenye mashimo sita. Hilo ndilo Jiwe la Mpaka. Watu wa nje walileta chakula na dawa, wakaviweka hapo na kuondoka. Wenyeji walikuja baadaye na kuacha fedha ndani ya mashimo yaliyojazwa siki, wakiamini kwamba siki itaua sumu ya ugonjwa. Upande mwingine wa kijiji, juu kilimani, kuna chemchemi inayoitwa Kisima cha Mompesson, ambako mambo yalifanyika vivyo hivyo. Mkuu wa nchi ile, Earl wa Devonshire, aliyeishi Chatsworth, aliwapelekea chakula. Bila hivyo njaa ingemaliza walioachwa na tauni.

Mahali pa ibada palikuwa Cucklet Delph, bonde dogo lenye majani na mwamba. Inasimuliwa kwamba hapo pia msichana Emmott Sydall alikuwa akionana kwa mbali na mchumba wake Rowland Torre wa Stoney Middleton, kila mmoja upande wake wa bonde, bila kusogeleana. Mwishoni mwa Aprili 1666 Emmott hakutokea tena. Rowland aliendelea kuja, na kijiji kilipofunguliwa alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia, akamkuta mchumba wake amekwisha kufa.

Yako na mengine ya kushangaza. Margaret Blackwell, alipokuwa mahututi kwa kiu, anasemekana alikunywa mafuta ya nguruwe ya moto akidhani ni kinywaji, akapona! Tafadhali usijaribu. Na Marshall Howe, aliyepona tauni, alijifanya mzika wafu wa kijiji, akichukua mali za marehemu kuwa ujira wake. Baadaye mke wake na mwanawe walikufa, na watu wakasema ameleta ugonjwa nyumbani pamoja na zile mali.

Catherine na Elizabeth

Kuna jambo moja ambalo husemwa upesi katika habari za Eyam, nalo ndilo linaloniumiza mimi kama mama. Kabla mpaka haujafungwa, Mompesson na mkewe Catherine waliwatuma watoto wao wawili, George na Elizabeth, kwa jamaa huko Yorkshire. Catherine alimsihi mumewe waende wote. Kasisi alikataa kuliacha kundi lake, akamwambia mkewe aende na watoto. Naye Catherine akakataa kumwacha mumewe. Watoto wakaenda peke yao. Hawakumwona mama yao tena.

Alihudumia wagonjwa kiangazi kile chote. Jioni moja ya Agosti, wakitembea na mumewe, alisema hewa inanukia vizuri. Mumewe alishtuka, kwa maana watu wa wakati ule waliihesabu harufu hiyo kuwa dalili ya tauni. Tarehe 25 Agosti Catherine alifariki. Kaburi lake liko uani mwa kanisa, karibu na ule msalaba wa kale.

Simlaumu. Nani asingewapeleka watoto wake mahali salama kama ana jamaa wa kuwapokea? Lakini kila nisomapo habari zake namfikiria Elizabeth Hancock kule Riley. Yeye alikuwa na watoto saba. Mmoja tu alikuwa mbali, kijana aliyekuwa akijifunza ufundi Sheffield. Wale sita walikuwa nyumbani siku kasisi aliposema asitoke mtu. Watoto wa kasisi walivuka mpaka ukiwa wazi, na watoto wa parokia wakabaki ndani yake.

Kwa macho ya uuguzi, tendo la Eyam lina pande mbili. Kusali nje wakiwa wametengana, na kuacha kukusanyika kwenye mazishi, yalikuwa mambo ya busara, na wengi wetu tuliyakumbuka mwaka 2020 wakati wa korona. Kufunga mipaka kuliwakinga majirani. Lakini kuliwafungia wazima pamoja na wagonjwa, na pamoja na viroboto. Leo tungemtenga mgonjwa, tukampa antibiotiki mapema, tukawafuatilia waliokaa naye, tukaua viroboto kabla ya kuua panya, maana panya akifa kiroboto hutafuta mtu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba maambukizi mengi ya Eyam, kama robo tatu, yalitoka kwa mtu kwenda kwa mtu, hasa ndani ya nyumba moja. Na ndani ya nyumba anayeuguza ni nani?

Sisi Watanzania hatupaswi kuyasoma haya kama mambo ya kale ya Wazungu. Kuanzia mwaka 1980, kwa zaidi ya miaka 20, tauni ilirudi mara kwa mara wilayani Lushoto, na huko pia walioathirika zaidi walikuwa akina mama na watoto.

Mwisho wa tauni

Mtu wa mwisho kufa Eyam alikufa tarehe 1 Novemba 1666. Kitabu cha mazishi cha parokia kilikuwa na majina ya watu wapatao 260 waliokufa katika miezi 14, kutoka familia 76. Zamani ilidhaniwa kwamba kijiji kilikuwa na watu 350 tu. Wachunguzi wa baadaye wanaona walikuwa kama 700 au zaidi. Hata kwa hesabu hiyo, ni zaidi ya mtu mmoja katika kila watatu. Mompesson aliwaagiza watu wachome nguo na matandiko, akaanza na ya kwake.

Miaka michache baadaye alihamishiwa parokia ya Eakring. Waumini wa huko waliogopa kumpokea kwa sababu ya mahali alikotoka, na kwa muda akakaa kibandani nje ya kijiji na kuhubiri chini ya mti. Stanley alibaki Eyam, akafa mwaka 1670.

Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Agosti, parokia hufanya maandamano hadi Cucklet Delph na kusali hapo, na shada la maua huwekwa juu ya kaburi la Catherine. Mwaka 1985 kanisa liliwekewa dirisha la vioo vya rangi lenye picha za siku zile za tauni, na tangu 1994 kijiji kina jumba la makumbusho.

Elizabeth Hancock aliondoka, akaenda kuishi Sheffield na yule mwana aliyebaki. Pale Riley kuna mawe saba, na moja lina jina Elizabeth. Huyo ni binti yake, aliyezikwa siku ya kwanza pamoja na kaka yake John.