Kabla ya kuuliza faida, uliza hasara

Una shilingi 12,000 kwenye simu. Kodi ya nyumba ni 7,000, karo ya mtoto imebaki 3,000. Unataka kuanza kuuza chapati mtaani. Mtaji wako ni ngapi?

Wengi wetu tungesema 12,000. Hapana, ni 2,000.

Msomi wa biashara Saras Sarasvathy alichunguza jinsi wajasiriamali 27 wenye uzoefu wanavyofanya maamuzi. Katika nadharia aliyoichapisha mwaka 2001, mjasiriamali haanzi kwa kukisia faida. Anaanza na alicho nacho: yeye ni nani, anajua nini, anamjua nani. Kisha anajiuliza: hii pesa ikipotea yote, nitasimama tena?

Haya, tujaribu. Jiko na kikaango viko nyumbani? Unamjua mama wa kibanda anayeweza kukupa kona asubuhi? Huo pia ni mtaji. Sasa nunua unga, mafuta na makaa ya 2,000, basi. Chapati zikikosa wanunuzi, utakuwa umejua kona au bei haifai, na mwenye nyumba hatakugongea mlango. Zikiisha mapema, kesho ongeza kidogo kutoka kwa mauzo, si kutoka kwa karo.

Ili usijichanganye, pokea pesa ya chapati kwa namba ya malipo ya biashara, si laini yako ya kawaida. Kila Jumapili soma taarifa ya miamala. Hapo utaona kama biashara inajilisha, ama ni wewe unailisha.