Mbwa Mdogo wa Nyasa Apewe Haki Yake

Apitaye katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa, kutoka Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay, hakosi kumwona: mbwa mdogo mwenye manyoya mafupi, amejikunja kando ya vichanja vya usipa, akimngojea bwana wake arudi kutoka majini. Huko juu Mbinga, ndugu yake hulinda mashamba dhidi ya nyani. Wakoloni walimwita "mbwa shenzi", nasi tukalirithi tusi hilo bila kuuliza.

Mbwa mwingine wa Kiafrika, mwenye umbo linalokaribiana na lake, alitolewa Kongo akapelekwa Uingereza mwaka 1895. Wale wa kwanza walikufa kwa maradhi; waliopelekwa katika miaka ya 1930 ndio walioacha kizazi. Leo huitwa Basenji, jina lenye udugu na neno letu "washenzi", naye hulala sebuleni na ana daktari wake.

Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa kwamba mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hatukufundishwa kumpiga mawe. Sura ya Al-Kahf inamtaja mbwa aliyenyoosha miguu yake kizingitini mwa pango la vijana waumini. Basi anayemfuga amjengee kibanda uani, ampe chombo chake mwenyewe na maji safi, amtoe kupe na funza, ampe dawa ya minyoo, na asimtupie mifupa ya kuku iliyopikwa.

Lililo kubwa zaidi ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Tumewaona watoto wa mwambao wakimgawia mbwa usipa wao kabla hawajala wenyewe. Duniani, katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Na dalili zikishaonekana, ni nadra mno mtu kupona. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mgonjwa afikishwe hospitali siku ileile.

Ndugu zetu wa Pemba wanalijua jambo hili. Kwa kuchanja mbwa, waliutokomeza ugonjwa huo mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarejea, nao wakachanja tena hadi ukatoweka mwaka 2018. Wataalamu hutaka mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe, na kazi hiyo irudiwe kila mwaka kwa kuwa watoto wa mbwa huzaliwa kila mara.

Tunawaomba maofisa mifugo wa Mbinga na wa Nyasa, wilaya iliyozaliwa mwaka 2012, watangaze tarehe za chanjo mapema misikitini, makanisani na shuleni, na wafike hata vijiji vinavyofikiwa kwa boti. Wavuvi waulizwe kwanza siku wanazokuwa nchi kavu, kwani mbwa wa mvuvi hamfuati mtu mwingine.