Kipigo Humfichua Nani?

Katika mtaa wa Msamala, mjini Songea, yako mabishano ambayo hayajakwisha tangu mwaka 2022. Wafanyakazi wakisharudi kutoka mjini jioni, wakaketi kunywa kahawa, haipiti saa kabla mmoja wao hajaanza: "Mandonga alipopigwa hapa kwetu, ndipo tulipomjua." Mwingine humjibu papo hapo: "Ulimjua lini, ndugu yangu? Mbona mwaka uliofuata alikwenda Nairobi akashinda?" Mzee aliyekaa kando huwaambia, "Wanangu, mtu hapimwi kwa siku moja." Na hapo kahawa hupoa vikombeni.

Mabishano haya tumeyasikia zaidi ya mara moja, nasi twaona kuwa si ya kupuuzwa. Swali lililomo ndani yake ni kubwa kuliko ngumi zenyewe: mpiga ngumi aliyesifiwa kupita kiasi akishindwa, je, kushindwa kule ndiko kunakoonyesha uwezo wake wa kweli? Wengi hujibu upesi kwamba ndivyo. Sisi twasema kwamba kipigo hufichua jambo, lakini mara nyingi si lile ambalo watu hulidhani; wala anayefichuliwa si yule anayenyoshewa kidole peke yake.

Tukumbuke kwanza mambo yalivyokuwa. Mwishoni mwa Julai 2022, Karim Mandonga, ajiitaye Mtu Kazi, alipanda ulingoni katika uwanja wa Majimaji, Songea, kupambana na Shaban Kaoneka. Kabla ya siku ile nchi ilikuwa imejaa maneno ya Mandonga. Alijigamba, akatamba, akaeleza jinsi atakavyomfanya mwenzake. Watu wakacheka, wakampenda, wakataka kumwona. Lakini ulingoni maneno hayana mikono. Kaoneka alimshinda kabla ya raundi zilizopangwa kutimia. Kesho yake wale wale waliomshangilia ndio waliosema, "Tuliwaambia kuwa mtu huyu hana kitu."

Je, walikuwa wamewaambia? La, hasha. Mandonga hakuwa bingwa wa dunia, wala hakuwa ameficha jambo lolote. Alikuwa mpiga ngumi wa kawaida mwenye ulimi usio wa kawaida. Ni sisi, yaani watazamaji, watayarishaji wa mapambano, na hatuna budi kukiri, sisi waandishi wa magazeti, tuliouchukua ulimi tukaupima kana kwamba ni mkono. Wazee walikwisha tuonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini mara nyingi twamlaumu mgema peke yake, tukasahau kuuliza nani aliyemsifu.

Tena siku za Mandonga hazikuishia Songea. Januari 2023 alikwenda Nairobi, akamshinda Daniel Wanyonyi wa Kenya, na jina la ngumi yake, Sugunyo, likawa katika vinywa vya watoto. Julai ya mwaka huo huo Wanyonyi alilipa kisasi, na kabla mwezi haujakwisha Moses Golola wa Uganda akamshinda huko Mwanza. Basi, ni siku ipi kati ya hizo iliyomfichua? Kama ni Songea, yatupasa kuifuta Nairobi. Kama ni Nairobi, yatupasa kuifuta Mwanza. Mtu mwenye busara hafuti hata moja, bali huzisoma zote pamoja.

MAJINA MAKUBWA ZAIDI

Huenda msomaji akasema kwamba Mandonga ni mfano mwepesi, kwani alikuwa mchekeshaji kama alivyokuwa bondia. Vema, tumtazame Hassan Mwakinyo wa Tanga. Tarehe 8 Septemba 2018 aliitwa Birmingham, Uingereza, kuziba nafasi, na hakuna aliyemtazamia kushinda. Akampiga Sam Eggington, aliyewahi kuwa bingwa wa Ulaya, katika raundi ya pili tu. Nchi nzima ilisimama. Jina lake likapanda ghafla katika orodha za dunia, nasi tukaanza kusema kwamba hakuna Mwingereza wa kusimama mbele yake.

Tarehe 3 Septemba 2022, kule Liverpool, alikutana na Liam Smith. Pambano lilikwisha katika raundi ya nne, Mwakinyo akiwa ameshindwa kuendelea. Baadaye alieleza habari za viatu na za mguu ulioumia. Hapo nchi iligawanyika. Wako waliomhurumia, na wako waliosema kwamba Birmingham ilikuwa bahati, na Liverpool ndiyo kweli.

Sisi hatukubaliani na kundi hili la pili. Eggington hakuanguka kwa bahati. Alianguka kwa ngumi. Lakini ushindi mmoja, hata ukiwa mtamu namna gani, huonyesha kilele ambacho mtu aweza kukifikia siku yake ikiwa njema. Hauonyeshi kwamba anaishi huko kileleni. Liverpool haikuuondoa uwezo wa Mwakinyo. Iliyaondoa yale tuliyoyaongeza sisi.

Na tumtazame huyo Smith mwenyewe. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2015. Mwaka uliofuata, huko Texas, Saul Alvarez wa Mexico alimpiga, akamwangusha katika raundi ya tisa na kumnyang'anya mkanda. Kama kipigo ndicho hukumu ya mwisho, Smith angerudi nyumbani akatundika glavu zake. Hakufanya hivyo, na miaka sita baadaye ndiye aliyemsimamisha Mwakinyo. Januari 2023 alimshinda Chris Eubank mdogo katika raundi ya nne. Septemba ya mwaka huo huo Eubank akamshinda yeye katika raundi ya kumi. Watu wale wale wawili, mwaka ule ule mmoja, majibu mawili.

KUSHINDWA KUNAKOTUKUZA

Yako tena mambo ambayo vijana wetu hawakusimuliwa. Mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Titus Simba wa Tanzania alifika fainali ya uzito wa kati, akashindwa na kijana wa Kiingereza aitwaye John Conteh. Akarudi na medali ya fedha. Anayehesabu matokeo tu atasema kwamba Simba alishindwa. Lakini mwaka 1974 Conteh akawa bingwa wa dunia. Basi kushindwa kule kwatuonyesha jinsi Simba alivyokuwa juu, si jinsi alivyokuwa chini. Ndiyo maana swali la kwanza si "Je, ameshindwa?" bali ni "Ameshindwa na nani?"

Swali la pili ni "Ameshindwaje?" Mwaka 1936 Joe Louis wa Marekani, aliyekuwa hajashindwa na mtu tangu aingie katika ngumi za kulipwa, aliangushwa na Max Schmeling wa Ujerumani katika raundi ya kumi na mbili. Watu wakasema kuwa sifa zake zilikuwa povu. Lakini Schmeling alikuwa amegundua kasoro moja tu: Louis kila alipokwisha piga kwa mkono wa kushoto aliuacha ushuke, na shavu likabaki wazi. Kipigo kilifichua kasoro ya mkono, hakikufichua udhaifu wa mtu. Louis akajirekebisha. Mwaka 1937 akawa bingwa wa dunia, na mwaka 1938 akamrudia Schmeling, akamaliza kazi katika raundi ya kwanza.

Kinyume chake ni Primo Carnera, Mwitaliano mwenye mwili wa mnara, ambaye wakubwa wake walimpandisha kwa mapambano ambayo mengi yanaaminika kuwa yalipangwa. Akafika hata kuwa bingwa wa dunia mwaka 1933. Mwaka 1934 Max Baer alimwangusha mara kumi hivi katika usiku mmoja. Hapo kweli kipigo kilifichua ufundi haba. Lakini kilifichua pia ushujaa, kwani kila alipoanguka aliinuka. Tena kilifichua aibu ya wale waliokula fedha za sifa zile wakamwachia yeye kula ngumi.

UWANJA NA JINA LAKE

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta fundisho hili, kwa maana limeandikwa katika jina la uwanja ule ule alimopigwa Mandonga. Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hata 1907 ni vita ambavyo babu zetu walishindwa. Waliambiwa kwamba maji yatazigeuza risasi za Wajerumani. Maji hayakuzigeuza. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa wa Kingoni walinyongwa hapa Songea, na Nduna Songea Mbano, aliyeupa mji jina lake, naye akanyongwa.

Je, kushindwa kule kuliwafichua kuwa watu duni? Nani leo anayethubutu kusema hivyo mbele ya kaburi lao? Kilichofichuliwa ni maji. Ushujaa ulibaki, na taifa likaujengea makumbusho. Huu ndio ukweli tunaotaka vijana wa Msamala waushike: kipigo huosha maji ya sifa, kikaacha kile kilichokuwamo. Kama hamkuwamo kitu, mtaona utupu; kama mlikuwamo kitu, mtakiona vilevile.

Lakini jambo hili si la maneno matupu, kwa sababu ngumi hupiga kichwa, na kichwa hakina akiba. Baada ya kipigo cha Mwanza mwaka 2023, Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa ilimsimamisha Mandonga ili akapimwe afya kwanza. Ilitenda haki. Sisi tuliomtia maji ya sifa tulikuwa tumekwisha rudi majumbani tukicheka. Yeye ndiye aliyerudi na maumivu. Mtu asifiwaye kupita uwezo wake hupelekwa mbele ya watu wanaomzidi, na deni la sifa zetu hulilipa kwa ubongo wake.

Kwa hiyo twawasihi ndugu zetu wafanyakazi na vijana wafanyao mazoezi kwa gunia la mchanga lililofungwa mwembeni: bondia akishindwa, ulizeni mambo matatu. Ameshindwa na nani? Ameshindwaje? Na asubuhi yake amefanya nini? La tatu ndilo kubwa, maana asiyekubali kushindwa si mshindani. Aliyeamka akaenda kurekebisha mkono wake, huyo bado hajapimwa akaisha. Aliyeamka akatafuta visingizio, huyo amejipima mwenyewe.

Nasi tusioingia ulingoni tuna la kwetu la kuuliza: tulimwambia nini kabla hajapanda? Kama tulimdanganya, basi kengele ilipolia na mwamuzi akahesabu hadi kumi, hakumhesabu yeye peke yake. Alituhesabu na sisi.