Mkono wa Nyuma: Kijana na Ubao wa Tanga

Ubao wa tanga ni chombo cha majini kisicho na usukani, na upungufu huo, ambao kwa nahodha wa jahazi ungekuwa sababu tosha ya kutong'oa nanga, ndio unaoeleza jinsi kijana anavyojifunza kukiendesha na kwa nini, akishakimudu, huwa vigumu kumtoa baharini. Mlingoti wake haukusimikwa imara kama ule wa ngalawa, bali umeungwa na ubao kwa kiungo huru, yaani kifundo kinachouruhusu kulala na kuinuka upande wowote, hivyo tanga husimama kwa sababu moja tu, kwamba kuna mtu amelishika. Pa kushika ni mkono wa tanga, ambao ni fremu ya alumini au kaboni yenye umbo la yai, inayolizunguka tanga kwenye usawa wa kifua au bega. Mwendeshaji anapoulaza mlingoti kuelekea tezi, sehemu ya nyuma ya ubao, kitovu cha kani ya upepo, yaani ile nukta ambamo msukumo wote wa upepo juu ya tanga huhesabiwa kuwa umekusanyika, huhamia nyuma ya kisu cha katikati, ambacho ni kipande chembamba kinachoshuka chini ya ubao ili kuuzuia usisukumwe kando. Hapo tezi husukumwa demani, upande upepo uendako, na omo, sehemu ya mbele, hugeukia joshini, upande upepo utokako. Akiulaza mbele, ubao hugeuka kinyume chake.

Somo la kwanza halina ufahari wowote. Mwanafunzi husimama katikati ya ubao, mgongo ukielekea upepo, akavuta kamba ya kuinulia tanga lililolala majini, na hapo hugundua kwamba kitambaa ambacho ufukweni alikibeba kwa mkono mmoja sasa kimekuwa kizito mno. Uzito huo si wa tanga bali ni wa maji yaliyokaa juu yake, na ndiyo maana mwalimu mzuri humwambia asivute kwa nguvu za mgongo, bali akunje magoti, aegemee nyuma na kusubiri maji yamwagike yenyewe, kisha ainue taratibu. Anayeharakisha huangukia nyuma pindi tanga linapotoka majini, kwa kuwa uzito aliokuwa akishindana nao umetoweka ghafla.

Tanga likishasimama, kila mkono huwa na kazi yake. Mkono wa mbele, ulio karibu na mlingoti, hubeba tanga na kuamua limeegemea wapi, ilhali mkono wa nyuma hulifunga na kulifungua kama mlango, na kiasi cha mlango huo kufungwa ndicho kinachoamua nguvu itakayopatikana. Dharuba ya upepo inapopiga, silika ya kila mwanadamu ni kukaza mkono na kuvuta zaidi, lakini kuvuta huko hulifunga tanga kabisa, nguvu yote ikaingia kwa mkupuo, na mwendeshaji akarushwa mbele pamoja na mlingoti. Kinachotakiwa ni kuulegeza mkono wa nyuma kidogo, upepo upite, kisha kuuvuta tena. Kijana anaweza kuelezwa jambo hili mara nyingi akiwa nchi kavu na bado mkono wake ukakaza. Siku unapolegea bila yeye kufikiri ndiyo siku ambayo mapenzi ya mchezo huu huanza kwa wengi, wala si siku ya kwanza ya kupanda ubao, ambayo mara nyingi huacha malengelenge viganjani tu.

Ubao hutoa jibu papo hapo, bila upendeleo wala maelezo, na kwa kijana wa miaka 13 au 14, ambaye siku yake nzima hupita akiambiwa na watu wazima alipokosea, kuambiwa na upepo ni afueni. Hata hivyo, jibu hilo huwa la haki pale tu vifaa vinapolingana na mwili wake. Kani ya upepo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, maana yake kasi ikiongezeka maradufu kani huwa mara nne, kwa hiyo tanga la mita tano za mraba linalomfaa mtu mzima katika upepo wa wastani linaweza kuwa adhabu kwa mtoto mwenye kilo 40. Matanga ya watoto huanzia chini ya mita mbili za mraba, nayo mbao za wanagenzi huwa na ujazo wa lita 150 hadi zaidi ya 200, na kwa kuwa kila lita hubeba takriban kilo moja, ubao wa namna hiyo hubaki tulivu hata anayejifunza akikosea hatua. Inaelekea vijana wengi wanaoacha mchezo huu mapema hawakushindwa na bahari, bali walishindwa na vifaa vilivyokatwa kwa kipimo cha baba zao.

Hatua inayofuata ni kuteleza juu ya maji. Katika upepo hafifu ubao husukuma maji mbele yake kama chombo kingine chochote na hufungwa na wimbi unaloliumba wenyewe. Upepo ukiongezeka, ubao hulipanda wimbi hilo, hulipita, na kuanza kuteleza juu ya uso wa bahari ukigusa maji kwa sehemu ndogo tu ya tezi. Hapo kijana huvaa mshipi wenye kulabu, akaitundika kulabu hiyo kwenye kamba fupi iliyofungwa kwenye mkono wa tanga, na uzito wa mwili ukachukua kazi iliyokuwa ikiichosha mikono. Mwaka 2015, katika mfereji wa Lüderitz nchini Namibia, Mfaransa Antoine Albeau aliteleza kwa kasi ya maili 53.27 za baharini kwa saa, karibu kilomita 99, ingawa kwa anayeanza hata kasi ndogo zaidi ya hiyo hutosha kumnyamazisha.

Historia ya mchezo huu imejaa watoto kuliko inavyosimuliwa. Wamarekani Hoyle Schweitzer na mhandisi wa ndege Jim Drake waliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1968; lakini baadaye mahakama ya Uingereza iliitengua hataza iliyosajiliwa nchini humo, ikizingatia ushahidi kwamba Peter Chilvers, akiwa na miaka 12, alikuwa ameendesha ubao wa tanga wa kujitengenezea katika kisiwa cha Hayling mwaka 1958. Robby Naish wa Hawaii alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1976 akiwa na miaka 13. Lee Lai Shan, binti wa Cheung Chau, kisiwa cha wavuvi huko Hong Kong, alifundishwa na mjomba wake angali na umri kama huo, na mwaka 1996 akaipatia Hong Kong dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, katika mashindano yaliyofanyika Savannah. Mfano wa Lee ndio wenye uzito zaidi, kwa sababu unaonyesha kinachohitajika hasa: maji karibu na nyumbani, ubao wa kuazima, na jamaa mwenye subira.

Pwani ya Afrika Mashariki ina maji na jamaa wa namna hiyo tele, ila vifaa vingi viko mikononi mwa hoteli na vituo vya watalii. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, na Kusi, katikati ya mwaka, huvuma Diani na Paje kwa mshazari kuelekea nchi kavu, kwa hiyo mwanagenzi aliyechoka husukumwa ufukweni, naye mwamba wa nje humkinga na mawimbi makubwa. Maji ya bamvua yanapokupwa, kina ndani ya mwamba hupungua kiasi cha pezi la ubao kugonga matumbawe, na mtoto wa mvuvi huijua ratiba ya maji kujaa na kupwa kabla hajashika tanga lolote. Hatari kubwa ni upepo wa kutoka bara, unaoyafanya maji ya ufukweni yaonekane shwari huku ukimpeleka mwanagenzi nje asiweze kubisha, yaani kurudi dhidi ya upepo kwa kukata kona. Akifikwa na hali hiyo hulilaza tanga juu ya tezi, akapiga magoti na kupiga makasia kwa mikono, wala haachi ubao hata nchi ikionekana karibu, kwa sababu ubao hauzami na huonekana kutoka mbali kuliko kichwa cha mwogeleaji.