Pikipiki ya matairi manne: anza na giaboksi na spea, jina lifuate

Wanunuzi wa pikipiki za matairi manne katika Afrika Mashariki si wengi, lakini kila mmoja wao huweka pesa nzito kwa mkupuo. Wapo wenye kampuni za utalii, kama zile zinazowazungusha wageni kwenye vijiji vya kaskazini mwa Unguja au kandokando ya Mto Nile kule Jinja. Wapo wenye mashamba na ranchi, wanaotaka kukagua uzio na kubeba bomba la dawa bila kuwasha Land Cruiser kila asubuhi. Na wapo wenye nafasi zao, wanaotaka kujifurahisha mchangani mwisho wa wiki. Wote huingia dukani na swali lilelile: kampuni gani ni bora? Swali hilo halijibiki mpaka ijulikane mashine itafanya kazi gani, nani ataiendesha, na ikiharibika fundi atapata wapi vifaa.

Tofauti kubwa kati ya kampuni hizi imetokana na kila moja ilikotoka. Honda ndiyo iliyofungua biashara hii mwaka 1970. Tawi lake la Marekani lilikuwa limeomba kitu cha kuwapa mawakala wauze wakati wa baridi, pikipiki za kawaida zinapododa, na mhandisi Osamu Takeuchi akaja na US90: matairi matatu manene kama maputo, yenye upepo kidogo, yanayopita kwenye theluji, matope na mchanga. Suzuki ikafuata na ya kwanza yenye matairi manne, QuadRunner LT125, iliyouzwa kama toleo la 1983. Kampuni hizi za Kijapani zilikuwa za pikipiki, kwa hiyo zilileta fikra za pikipiki, yaani gia za chuma zinazozunguka ndani ya oili.

Polaris ya Minnesota iliingia sokoni mwaka 1985, na Bombardier ya Quebec, ambayo leo upande wake huo unaitwa BRP na mashine zake zinaitwa Can-Am, ikaingia mwishoni mwa miaka ya 1990. Hizi mbili zilikuwa zimejijenga kwa mashine za kuteleza juu ya theluji, na mashine hizo huendeshwa kwa mkanda wa mpira. Mkanda huo wakauhamishia kwenye pikipiki zao za matairi manne. Ulifanya kazi vizuri, wanunuzi wakaupenda, na sehemu kubwa ya soko ikaufuata.

Hapo ndipo mnunuzi wetu anapotakiwa kusimama na kufikiri. Mkanda hukaa kati ya puli mbili zinazobana na kuachia kadiri mwendo unavyobadilika. Dereva hana klachi wala gia za kuhangaika nazo, anasukuma mafuta kwa kidole gumba tu. Kwa mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana na hajawahi kuendesha pikipiki maishani, huo ni urahisi mkubwa. Lakini mkanda una adui watatu: joto, maji na uzembe. Ukivuta trela la mbolea kupanda kilima ukiwa umeweka H (ya mwendo wa kasi) badala ya L (ya mwendo wa polepole wenye nguvu), mkanda unateleza, unapata moto, na utausikia kwa pua kabla hujauona, harufu ya mpira unaoungua ikipanda kutoka chini ya kiti. Ukiendelea, utakatika. Fundi wa kwetu ana mikono ya ajabu, anachonga bushi, anachomelea fremu, anafufua kabureta lililotupwa. Mkanda hawezi kuuchonga. Ama upo dukani, ama mashine inalala.

Honda kwa sehemu kubwa imebaki na gia. Rancher ya cc 420 na Foreman ya cc 518 zina gia halisi, unazibadilisha kwa mguu bila kushika klachi au, kwenye matoleo mengine, kwa vitufe viwili kwenye usukani. Zipo pia zenye giaboksi ya otomatiki, nayo ni ya gia za chuma. Zina mshtuko kidogo wakati wa kubadilisha, na hazina mbwembwe za mwendo. Lakini mtu mwenye shamba Njombe au Laikipia, aliye mbali na duka lolote la vifaa, atalala kwa amani zaidi akiwa na mashine isiyo na mkanda. Kwa kazi ya shamba, hiyo ndiyo ningeitafuta kwanza.

Yamaha imepita katikati. Grizzly yake ya cc 686 na Kodiak zinatumia mkanda, lakini kuna klachi ya pembeni inayofanya kazi ya kushika na kuachia. Mkanda unabaki umekazwa muda wote, hata mashine ikiwa imesimama inanguruma, na hivyo hausuguliwi kila unapoondoka. Faida nyingine huonekana kwenye mteremko: ukiachia mafuta, injini inazishikilia tairi zote nne. Kwa anayeshuka na mzigo kwenye njia za Lushoto au Mgeta, hilo lina uzito kuliko nguvu za farasi zote zinazoandikwa kwenye vipeperushi. Muulize muuzaji wa mashine yoyote ya mkanda jinsi inavyojizuia kwenye mteremko, na usikubali ajibu kwa maneno matupu. Mwombe akuonyeshe.

Polaris inashinda kwenye starehe. Sportsman 500 ya mwaka 1996 ilileta saspensheni ambayo kila tairi la nyuma hujipandisha na kujishusha lenyewe, na tangu hapo wengine wamekuwa wakiifukuzia. Sportsman 570 ya sasa ina nguvu za farasi 44 na inakaliwa siku nzima bila mgongo kulalamika. Kwa shamba kuna jambo la kupima hapa. Ekseli moja ngumu ya nyuma, kama iliyo kwenye matoleo ya kawaida ya Rancher, inarusharusha, lakini haibonyei sana ukiipa mzigo wa kuvuta, na ina jointi chache za kuharibika. Saspensheni laini ina mipira inayofunika jointi za ekseli. Mpira mmoja ukichanwa na mwiba, mchanga unaingia, grisi inatoka, na jointi inaliwa taratibu bila kelele.

Can-Am ni habari ya injini za Rotax kutoka Austria. Outlander yake kubwa inapita nguvu za farasi 90. Hakuna shamba la mahindi linalohitaji nguvu hizo, na ningekuwa mwenye kampuni ya utalii nisingemkabidhi mgeni mashine ya namna hiyo hata kwa dakika moja. Ni ya mtu anayejua anachokitaka na anayeweza kumsubiri fundi wa uhakika.

Mashine za China zinahitaji kutenganishwa, kwa sababu watu huzitia zote kapu moja. CFMOTO ya Hangzhou inatengeneza pikipiki kubwa za matairi manne za mfululizo wa CForce, na imekuwa na ubia na KTM ya Austria kwa miaka mingi. Si mashine za kubahatisha. Nchini Australia, serikali ilipoweka masharti mapya ya usalama, kampuni hiyo iliyatii na kuendelea kuuza. Ilipo na wakala mwenye ghala la vifaa, inastahili kuwekwa mezani pamoja na Wajapani. Jirani zao Kymco wa Taiwan ndio waliotengeneza Brute Force 300 iliyouzwa kwa jina la Kawasaki, jambo linaloonyesha kwamba jina lililobandikwa kwenye tangi si lazima liwe la kiwanda kilichoiunda.

Kundi la pili ni zile ndogo za cc 125 hadi 250, zenye majina mengi yanayobadilika kila mwaka. Wengi huzibeza, na fremu na plastiki zake nyingi ni hafifu kweli. Lakini injini za baadhi yake zina historia inayotuhusu moja kwa moja. Mwaka 1976 Honda ilitoa CG125 kwa ajili ya nchi ambazo wahandisi wake walikuta watu wanaendesha bila kubadilisha oili na bila kusafisha chujio la hewa. Waliijenga injini ivumilie mateso hayo, tena iweze kufunguliwa na fundi wa kawaida. Viwanda vya China vikaiga muundo huo kwa wingi, na leo ndio uliomo ndani ya pikipiki nyingi za bodaboda. Mashine ndogo ya matairi manne yenye injini ya aina hiyo inaweza kupata pistoni, ringi na sahani za klachi kwenye duka la spea za bodaboda, na fundi wa kijiweni ataifungua macho yamefumba. Kwa kampuni ya utalii inayotembeza wageni polepole kwenye njia tambarare, mashine kumi za aina moja zenye injini inayojulikana zinaweza kuleta faida kuliko tatu za kifahari. Sharti ni kwamba ziwe za aina moja. Atakayenunua mbili za hapa na tatu za pale atajikuta na ghala la vifaa visivyoingiliana.

Bei ya kununua ni mwanzo tu wa hesabu, na ufukweni hesabu hiyo inakuwa kali. Chumvi inakula waya, boliti na beringi. Vumbi jeupe la mawe ya matumbawe ni laini kama unga na linapenya kwenye chujio la hewa. Mashine inayofanya kazi ya watalii inapaswa kuoshwa kwa maji baridi kila jioni na chujio kukaguliwa mara kwa mara, na gharama ya mtu wa kazi hiyo iingizwe kwenye nauli ya mgeni tangu siku ya kwanza.

Umiliki wa kampuni nao uangaliwe. Arctic Cat, jina la heshima huko Minnesota, ilinunuliwa na Textron mwaka 2017. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba uzalishaji utasimamishwa, na mwaka uliofuata kampuni ikauzwa tena. Mtu aliyeko maelfu ya kilomita kutoka kiwandani ndiye anayeumia kwanza mtandao wa vifaa unapoyumba. Kwa sababu hiyo ningependelea kampuni ambayo tayari inauza pikipiki za kawaida katika nchi yako, kwa kuwa wakala wake ana sababu ya kuendelea kuwapo hata kama wewe ndiye mteja wake pekee wa matairi manne.

Usalama kwenye maduka yetu huzungumzwa mwishoni kama vile ni nyongeza, na hilo linanisikitisha kuliko kosa lolote la bei. Mwaka 1988 kampuni tano kubwa zilikubaliana na serikali ya Marekani mahakamani, na uuzaji wa zile mpya za matairi matatu ukakoma huko kwa sababu ya vifo na majeruhi. Matairi manne yalipunguza hatari bila kuimaliza. Mashine nyingi za kazi zina uzito wa kilo 250 hadi 400, na ikipinduka humlalia aliyeiendesha. Ndiyo sababu kanuni za Australia za mwaka 2019 ziliagiza kwamba mpya za kazi zinazouzwa kuanzia Oktoba 2021 ziwe na kinga ya kumlinda dereva nyuma ya kiti, na zipimwe zinapinduka kwenye mwinamo wa nyuzi ngapi, kisha kipimo hicho kiandikwe na kubandikwa. Honda, Yamaha na Polaris waliona afadhali waache kuuza huko kuliko kufunga kinga hizo. Mnunuzi wa hapa anaweza kuagiza kinga na kuifunga mwenyewe, na kwa mashine ya shamba la milimani ningeihesabu kuwa sehemu ya bei.

Soma kibandiko kilichopo karibu na usukani kabla ya kuangalia rangi. Mashine za watu wazima zimeandikwa kwamba asiendeshe aliye chini ya miaka 16, na nyingi zimekataza abiria. Kiti kirefu kinadanganya, kwani kimewekwa ili dereva ahamishe uzito wake mbele na nyuma. Anayetaka kubeba wawili anunue iliyojengwa kwa wawili. Mizigo nayo ina kikomo: Grizzly 700 inaruhusu kilo 50 mbele na 90 nyuma, wakati Rancher inaruhusu takriban 30 mbele na 60 nyuma. Mtungi wa dawa wa lita 100 ukijaa umeshapita kikomo cha nyuma cha mashine zote mbili.

Upepo wa tairi pia unaua. Tairi hizi hutakiwa kuwa na psi 4 hadi 7, ilhali gari dogo linajazwa 30 au zaidi. Kijana wa kujaza upepo barabarani, kwa nia njema kabisa, ataijaza kama ya gari, na mashine itaanza kudunda na kuhama njia kwenye kila jiwe. Nunua geji ndogo ya upepo mdogo siku ileile unayonunua mashine.

Kwa anayenunua iliyotumika, saa za injini ni muhimu kuliko kilomita. Inyanyue kila tairi na kuitikisa usikie beringi, tazama mipira ya jointi kwa tochi, kisha fungua kisanduku cha chujio la hewa. Ukikuta matope yaliyokauka humo ndani, mashine hiyo imezamishwa, na muuzaji hana neno litakalobadilisha hilo.

Kabla hujatoa advansi, mwambie wakala aweke juu ya kaunta vitu vitano vya mashine unayoitaka: mkanda kama inautumia, pedi za breki, chujio la hewa, chujio la oili na mpira wa jointi ya ekseli. Mwombe bei ya kila kimoja kwa maandishi. Akikuambia vinaagizwa na vitafika baada ya wiki kadhaa, mshukuru, ondoka, nenda kwa mwingine.