Insulini Bila Friji: Chungu na Mchanga Vyaweza Kusaidia

Leo tunazungumza juu ya ugonjwa wa kisukari, na hasa swali hili: je, mtu asiye na friji anaweza kuweka insulini nyumbani?

Insulini hutengenezwa mwilini na kongosho. Kazi yake ni kuitoa sukari kwenye damu na kuiingiza katika viungo ili tupate nguvu. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hana insulini yake mwenyewe. Asipodungwa sindano kila siku, maisha yake yamo hatarini. Dawa hii iligunduliwa mjini Toronto, Kanada, mwaka wa 1921.

Kwa miaka mingi wagonjwa wameambiwa insulini ikae kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Je, asiye na stima afanye nini? Wengine hulazimika kwenda hospitalini kila siku kudungwa. Mtoto anakosa shule, mzazi anakosa kibarua, na siku nauli inapokosekana, sindano nayo inakosekana.

Sasa sikiliza habari njema. Madaktari Wasio na Mipaka, pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, walipima joto ndani ya makao ya wakimbizi kambini Dagahaley, huko Dadaab. Joto lilikuwa nyuzi 25 usiku na 37 mchana. Kisha waliiweka insulini katika joto la namna hiyo kwa wiki 4. Matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 2021 yalionyesha kwamba nguvu ya dawa ilipungua kwa asilimia 1 tu au chini ya hapo, sawa na ile iliyowekwa kwenye baridi.

Hata hivyo, dawa ikikaa mahali pa baridi ni salama zaidi. Hapa ndipo chungu kinapoingia. Unajua jinsi maji ya mtungini yanavyokuwa baridi hata jua likiwaka. Maji hupenya kwenye udongo, yanakauka kwa nje, na yakikauka yanaondoka na joto. Fanya hivi:

1. Chukua vyungu viwili vya udongo, kimoja kitoshe ndani ya kingine.
2. Jaza mchanga katika nafasi iliyo kati yao, kisha uloweshe kwa maji.
3. Funga chupa ya insulini kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, uiweke katika chungu cha ndani.
4. Funika kwa kitambaa kibichi, na uweke kivulini penye upepo.
5. Ongeza maji kwenye mchanga asubuhi na jioni.

Njia hii hufanya kazi vizuri zaidi penye hewa kavu, kama Garissa au Turkana. Pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, ubaridi wake huwa mdogo.

Zingatia pia mambo haya. Usiiache insulini juani, ndani ya gari wala karibu na jiko. Usiigandishe kamwe, iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka. Andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua, na ikitimiza wiki 4 usiitumie tena. Ukiona mabonge ndani, irudishe kliniki. Chukua chupa moja moja, zile nyingine zibaki kwenye friji ya kituo cha afya.

Ukisikia kiu kisichoisha, ukikojoa mara kwa mara, au sukari ikipanda ingawa unadungwa, nenda kliniki siku hiyo hiyo. Na kabla ya kubadilisha jinsi unavyoweka dawa yako, zungumza kwanza na daktari au muuguzi wako.

Msikilizaji, kukosa friji kusiwe sababu ya kukosa sindano. Mweleze jirani aliye na kisukari.